Nani Mwajiri wa Mpiga Ngoma?

Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika saa kumi na moja jioni, siku moja kabla ya onyesho, kwenye uwanja wa wazi upande wa Temeke. Jukwaa lilikuwa la kukodi na mafundi walikuwa wamelifunga mchana uleule. Ubao mmoja wa nyuma, pale wanapokaa wapiga ngoma, haukuwa umekazwa. Mzee aliinama kuisogeza ngoma kubwa, ubao ukainuka upande wa pili, akaanguka na kujishikiza kwa mkono. Mimi nilikuwa chini nahesabu katoni za maji. Nilisikia ngoma kabla sijamsikia mtu: ilitoa mlio mmoja mzito, kisha kimya.

Hospitalini, kwenye dirisha la mapokezi, dada wa zamu aliuliza maswali mawili. "Mzee ana bima? Anafanya kazi wapi?" Tulikuwa wanne pale: mkurugenzi wa kikundi, ambaye sote tunamwita Mwalimu, kijana anayepiga chapuo, ile ngoma ndogo, mimi, na mzee mwenyewe, mkono umefungwa kwa kanga ya mmoja wa wachezaji. Swali la kwanza lilijibiwa upesi: hana. La pili halikujibiwa. Mwalimu alinitazama, nami nikamtazama Mwalimu. Mzee ndiye aliyesema, taratibu, "Andika mjasiriamali, mwanangu."

Alikuwa na miaka tisa katika kikundi kile. Ana umri wa miaka 58, na hakuna aliyewahi kumwona akichelewa mazoezini.

Ninatunza hesabu za vikundi vitatu vya sanaa za maonyesho hapa Dar es Salaam, na mzee amenikubalia niandike kisa hiki bila jina lake wala la kikundi. Kinanigusa kuliko visa vingine nilivyoviona kwa sababu bajeti ya mradi ule niliiandika mimi. Nimeirudia mara nyingi tangu jioni ile. Kuna mstari wa mabango na mstari wa maji ya kunywa, lakini hakuna unaokiri kwamba watu 14 walikuwa kazini kwa miezi mitatu.

Milioni 24 zilivyogawanywa

Mradi ulikuwa igizo la ngoma: miezi mitatu ya mazoezi Kinondoni, halafu maonyesho mawili ya wazi. Mpango mmoja wa utamaduni wenye fedha za nje ulitoa shilingi milioni 15. Taasisi moja ya umma, iliyotaka ujumbe wa kampeni yake uingizwe ndani ya igizo, iliahidi milioni 9 zitakazolipwa kwa ankara baada ya maonyesho.

Jukwaa, vipaza sauti, taa na jenereta kwa jioni mbili vilichukua 7,800,000. Wasanii 14, kwa miezi mitatu ya mazoezi na maonyesho yote mawili, walipangiwa 5,670,000. Iliyobaki ilikwenda kwenye mavazi, ukumbi wa mazoezi, usafiri, mabango, vibali, chakula na uratibu. Mwenye jukwaa alilipwa nusu kabla hajateremsha bomba hata moja. Wasanii walilipwa jioni kwa jioni, shilingi 5,000 kila siku ya mazoezi, kwa kutia saini kwenye karatasi iliyoandikwa juu yake "Posho za washiriki". Siku za mazoezi zilikuwa 57, ambazo ni sawa na 285,000 kwa kila mtu, na kila onyesho lingemwongezea 60,000. Mzee anakaa Mbagala. Daladala mbili za kwenda na mbili za kurudi zilikula karibu nusu ya ile elfu tano.

Kwa nini niliandika posho? Kwa sababu fomu ya mfadhili ilikuwa na mahali pa posho na haikuwa na mahali pa mshahara. Mshahara unahesabiwa kuwa gharama ya uendeshaji, na gharama za uendeshaji zimewekewa ukomo ambao mratibu na kodi ya chumba cha ofisi wanaumaliza. Taasisi ya umma nayo ilikuwa imenunua kitu kinachoitwa huduma ya burudani, na burudani kwake ni saa mbili za jukwaani. Baada ya miaka mingi ya kuandika maandiko ya mradi unajifunza ni maneno gani hurudishwa na yapi hupita. Posho hupita.

Ni neno la kuliangalia vizuri. Posho asili yake ni chakula cha siku, kipimo anachopimiwa mpagazi ili aweze kutembea kesho. Halisemi chochote juu ya thamani ya mzigo aliobeba, wala juu ya itakavyokuwa akiteguka mguu njiani. Leo mtu anayealikwa kwenye warsha ya siku moja hotelini anatia saini posho, na mtu aliyepiga ngoma siku 57 anatia saini karatasi ileile, na kwenye ripoti yangu wote wawili ni washiriki. Mkaguzi wa hesabu hakuona kasoro. Kwa hesabu, hakukuwa na kasoro.

Kadi kwenye mfuko wa rambo

Wiki mbili baada ya ajali nilikwenda Mbagala kumjulia hali. Mkono ulikuwa kwenye plasta hadi karibu na kiwiko, amekaa barazani, vidole vya kushoto vikigonga ukingo wa kiti bila yeye mwenyewe kujua. Tulizungumza habari za malipo, na mkewe akaingia ndani akatoka na mfuko wa rambo wenye vyeti. Katikati ya vyeti vya ubatizo na risiti za mabati kulikuwa na kadi ya NPF, Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, mtangulizi wa NSSF, mfuko wa leo wa hifadhi ya jamii. Jina lake, namba, na jina la kiwanda kimoja cha Barabara ya Pugu kilichomwajiri mwaka 1986.

"Kwenye kadi mimi ni mfungashaji," aliniambia. "Asubuhi nafungasha, baada ya chakula cha mchana tunakwenda kwenye bwalo kupiga ngoma. Kiwanda kilikuwa na kikundi chake."

Vijana wengi hawajui kwamba jambo hili lilikuwa la kawaida. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara yenye dhamana ya utamaduni wa taifa, na mwaka 1963 Kikundi cha Ngoma cha Taifa kikaanzishwa. Cha sarakasi kilifuata mwaka 1969, baada ya vijana kupelekwa China kujifunza, na cha maigizo mwaka 1974. Wasanii hao walikuwa wafanyakazi wa serikali. Vikundi hivyo vilipovunjwa, mahali pake pakaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Kwenye muziki wa dansi habari ilikuwa hiyohiyo. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa na mshahara wa mwezi, vyombo vikiwa vya mwajiri. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na bendi yake, shirika la bima lilikuwa na Bima Lee. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, baadaye ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la jiji.

Sitaki mtu adhani nataka turudi huko tulikotoka. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na sauti, na nyimbo nyingi za sifa zilitungwa kwa sababu mwajiri alizitaka. Mishahara ilikuwa midogo, ndiyo maana wanamuziki walihama bendi kila palipotokea nyongeza. Wala haikuwatosha uzeeni. Muhidin Gurumo, mmoja wa waanzilishi wa NUTA Jazz na baadaye Mlimani Park, alipotangaza kustaafu mwaka 2013 baada ya zaidi ya nusu karne ya kuimba, gari lake lilitoka kwa kijana Diamond Platnumz kama zawadi. Nchi nzima ilimsifu kijana, na alistahili. Mimi nilibaki nikijiuliza ni fundi gani mwingine wa kiwango kile, katika fani gani nyingine, anayesubiri mwanafunzi wake amnunulie gari.

Hata hivyo kadi ile ya NPF inasema jambo ambalo bajeti yangu haisemi. Mwaka 1986 kulikuwa na mwajiri, tena aliyejulikana kwa jina, aliyekuwa akikata na kuchangia kwa ajili ya kijana mpiga ngoma, hata kama ilibidi amwite mfungashaji. Kiwanda kilifungwa miaka ya 1990, mzee akapewa michango yake, akanunua mabati. Tangu hapo, miaka karibu 30 ya kupiga mdundiko, sindimba na bugobogobo kwenye majukwaa ya jiji hili, hakuna senti iliyowekwa mahali kwa jina lake.

Katika miaka hiyo fedha za umma kwa sanaa hazikutoweka, ila zilibadilika sura. Sheria ya mwaka 1984 iliunda BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ambalo kazi zake za kila siku ni kusajili, kutoa vibali na kuendeleza sanaa, si kuajiri. Sera ya Utamaduni ilitoka mwaka 1997, na mwaka uliofuata ukaanzishwa Mfuko wa Utamaduni kwa msaada wa Sweden. Mfuko wa sasa wa Utamaduni na Sanaa unatoa mikopo ya riba nafuu kupitia benki. Kwa mwenye studio, mwenye kamera, mbunifu wa mavazi, mkopo huo una maana: kifaa kinabaki na kinazalisha. Kwa igizo la watu 14 lenye miezi mitatu ya mazoezi na maonyesho mawili yasiyo na kiingilio, mkopo utalipwa na nini? Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwanaume wa miaka 58 hayumo. Mirabaha? Mdundiko hauna mtunzi wa kuandikishwa, na igizo halikurekodiwa.

Ukizipanga njia hizo zote mezani unaona zinalipia tukio, kifaa au wimbo uliokwisha kutungwa. Siku zile 57 za mazoezi hazina mnunuzi.

Daftari la mahudhurio

Nilipotoka Mbagala nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kikundi nikachukua daftari la mahudhurio. Ni daftari la kawaida la kaunta, jalada limelowa chai, kila ukurasa una tarehe, majina, saa ya kuingia, saa ya kutoka na saini. Mwalimu alilianzisha ili kudhibiti wachelewaji. Hakujua kwamba alikuwa anakusanya ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, kinasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi au huduma atachukuliwa kuwa mwajiriwa, hata mkataba wao uwe na sura gani, iwapo lipo angalau jambo moja kati ya saba yaliyotajwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mojawapo ni kufanya kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Nilikaa kwa mama ntilie jirani, daftari upande huu na kikokotoo upande ule. Mwezi wa kwanza siku 19, saa tisa hadi saa kumi na mbili, ni saa 57. Mwezi wa pili siku 21, ni saa 63. Mwezi wa tatu Mwalimu alianza kuwaita saa nane, siku 17, ni saa 68. Jumla 188. Wastani karibu saa 63 kwa mwezi, na hapo sijahesabu siku ya kufunga jukwaa.

Jambo moja lilitosha, lakini mengine nayo yanafaa kuzungumzwa kwa sababu ndiyo wasanii huyatumia kujinyima wenyewe. La kwanza ni nani anaongoza kazi. Nilipomuuliza Mwalimu alishangaa: "Mimi nimuongoze mzee? Anayenifundisha ni yeye." Ni kweli kwamba katika ngoma mpigaji ndiye anayewatoa wachezaji na ndiye anayewarudisha. Lakini mdundiko ambao mtaani unatembea jioni nzima, Mwalimu aliukata ukawa dakika nne, kwa kuwa ujumbe wa kampeni ulipaswa kuingia kabla ya sehemu ya pili ya igizo. Mzee hakuupenda ule ukataji. Aliupiga vilevile, dakika nne, kila siku. Mtu anayeweza kumwambia fundi wa miaka 40 akomeshe ngoma katikati ya mzunguko, naye akaikomesha, ndiye anayeongoza kazi.

Vitendea kazi je? Ngoma ni ya kikundi. Ngozi aliiwamba mzee mwenyewe, ngozi ya mbuzi aliyokwenda kuichagua Vingunguti machinjioni kwa nauli yake, akaikausha kwake, akaileta imefungwa kwenye gazeti. Kwenye orodha ya mali za kikundi imeandikwa: ngoma kubwa, moja. Ngozi haikuandikwa kwa jina la mtu.

Kuhusu kumtegemea mwajiri mmoja, hapo kisa kinalegea. Jumamosi mzee anapiga kwenye shughuli: harusi, ngoma za unyago, vigodoro. Huko ni deiwaka, analipwa usiku uleule na hakuna anayemdai kesho. Lakini shughuli za Jumamosi hazifuti saa 63 za mwezi kwa mwingine. Tena kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na asipoweza kuyaonyesha kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake. Kikundi hakikuwa na hata karatasi moja, zaidi ya orodha za posho.

Hukumu yangu, baada ya yote hayo, ni kwamba mzee alikuwa mwajiriwa wa kikundi. Na hapo ndipo nilipoona ugumu wenyewe wa kisa. Siku ya ajali akaunti ya kikundi ilikuwa na shilingi 412,000. Sheria ilikuwa imemnyooshea kidole aliye fukara kuliko wote katika mnyororo mzima: Mwalimu, ambaye naye hana mshahara, ambaye hulipa kodi ya chumba cha kikundi kwa pesa anazopata akiongoza sherehe za watu. Waliokuwa na uwezo wa kuamua kama kazi ile italipwa kama kazi walikuwa wawili, mwenye milioni 15 na mwenye milioni 9. Hao wote wawili walikuwa nje ya kifungu cha 61.

Chini ya mwembe

Kikao kilifanyika Alhamisi, nje ya ukumbi wa mazoezi. Mwenye jukwaa alimtuma mpwa wake. Mfadhili alijibu kwa barua pepe, kwa upole, kwamba mkataba wa ruzuku unamwachia mpokeaji jukumu lote juu ya watu wake. Niliisoma tena ile ibara na ni kweli ndivyo inavyosema, na chini yake ipo saini ya Mwalimu. Ofisa wa taasisi ya umma alipokea simu yangu mara ya tatu. "Dada, sisi tumenunua onyesho," alisema. "Kwani onyesho halitakuwepo?"

Nilimweleza mzee haki yake. Madai yasiyo ya kuachishwa kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na kufungua shauri hakuhitaji wakili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimpeleke Mwalimu kwenye Tume? Mtoto huyu nimemshikisha fimbo ya ngoma ana miaka kumi na minne." Mwalimu alikuwa amekaa mita mbili kutoka hapo, kainamisha kichwa.

"Siku 60 zikipita, mzee, zimepita."

"Zipite, mwanangu."

Sikumshinikiza, na mpaka leo sijui kama nilifanya sawa. Heshima ile ni ya kweli na ninaipenda. Ndiyo iliyokishikilia kikundi kwa miaka tisa bila fedha. Ndiyo iliyowafanya wote warudi baada ya Machi 2020, serikali iliposimamisha mikusanyiko kwa ajili ya korona na posho ikakoma siku hiyohiyo, bila yeyote wa kuulizwa. Lakini nimeona pia jinsi wafadhili, taasisi na sisi wenye kuandika bajeti tunavyoishi kwa mgongo wa heshima hiyo. Tunajua hawatashtaki.

Walielewana hivi. Kikundi kitalipa matibabu yote. Mzee ataendelea kupokea elfu tano zake na pesa za maonyesho kama kawaida hadi plasta itolewe. Mwenye jukwaa akapunguza 300,000 kwenye deni lake. Fedha za hospitali zilitoka kwenye kundi la WhatsApp, elfu mbili mbili, elfu tano tano, hadi ikatimia 1,150,000, sehemu kubwa kutoka kwa wachezaji wenyewe waliokuwa wanapokea elfu tano kwa siku.

Onyesho lilipigwa, baada ya kuahirishwa. Mzee alikaa jukwaani kwenye kigoda, plasta imelala mapajani, kando ya kijana wa chapuo aliyekuwa sasa amekabidhiwa ngoma kubwa. Alimpigia kwa mdomo. Ndi, ndi, kata, ndi. Sauti ya chini, karibu na sikio, kijana akifuata nusu pumzi nyuma yake. Watazamaji wa mbele walidhani ni sehemu ya igizo. Kwenye dakika ya nne, pale pa kukata, mzee alinyanyua kidole cha kushoto na ngoma ikanyamaza.

Milioni 9 za taasisi ya umma ziliingia baada ya miezi minne. Kwa miezi hiyo yote wasanii walikuwa wanadai elfu 60 zao za onyesho la pili, na mimi ndiye niliyekuwa napokea simu.

Shilingi 28,350

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inamtaka mwajiri ajisajili WCF, mfuko wa fidia hiyo, na kuchangia asilimia 0.5 ya mishahara. Mfanyakazi akiumia kazini, mfuko unabeba matibabu, na kwa kipindi asichoweza kufanya kazi unamlipa asilimia 70 ya kipato chake. Nilifanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya siku ya kuandika bajeti. Tuchukulie kwamba milioni 5.67 zote za wasanii zilikuwa ujira. Nusu ya asilimia moja yake ni shilingi 28,350. Kwa watu wote 14, kwa mradi mzima. Bango moja la mradi ule, la kutundika getini, lilitugharimu 45,000.

NSSF ni mzigo mkubwa zaidi, asilimia 20 ya mshahara, nusu kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi, na hapa sitaki kumdanganya mtu kwamba kikundi kidogo kinaweza kuubeba kwa kujibana. Kinahitaji mwenye fedha akubali kwamba huo ni sehemu ya bei ya igizo. Nchi nyingine zilikwisha kuamua hivyo, kila moja kwa njia yake. Ufaransa, msanii wa jukwaani akifikisha saa 507 za kazi ndani ya miezi 12 analipwa posho ya ukosefu wa ajira katika vipindi asivyokuwa na onyesho. Na mazoezi yenye mkataba yanahesabiwa. Ujerumani, tangu mwaka 1983, msanii anayejitegemea analipa nusu ya michango yake ya afya na pensheni, na nusu nyingine inatoka kwa wanaotumia kazi yake pamoja na serikali. Nasisitiza hilo neno wanaotumia kazi yake. Kwa kisa chetu lingekuwa ni yule ofisa aliyeniambia wamenunua onyesho.

Kwa mradi uliofuata niliacha kuandika posho. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Ajira kinaruhusu mkataba wa kazi maalumu, na igizo ni kazi maalumu kama zilivyo chache: lina mwanzo, lina mwisho, kila mtu anajua siku ya mwisho. Niliandika ujira wa wasanii 12 badala ya 14, jukwaa dogo la chini lisilohitaji mabomba, jenereta hakuna, onyesho la mchana. Nikaweka mstari wa NSSF na mstari wa WCF. Andiko lilirudi baada ya wiki mbili likiwa na alama nyekundu kwenye mistari hiyo yote na maelezo kwamba mpango haugharamii ajira. Tafadhali tumia posho. Niliwajibu kwa barua ya kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa picha ya daftari la mahudhurio, wa pili hesabu ya shilingi 28,350.

Walikubali ujira na WCF. NSSF walikataa, hivyo sehemu ya mwajiri kikundi kimeibana kutoka kwenye mavazi na uratibu, yaani kutoka kwenye malipo yangu pia, na sina hakika kama kwa mradi mwingine tutaiweza. Wachezaji wawili waliokosa nafasi kwa sababu ya upunguzaji ule hawakufurahi, na mmoja hajarudi kunisemesha. Taasisi ya umma haikubadili kitu: bado inalipa kwa ankara, baada ya onyesho, kwa jina la huduma ya burudani. Nimewaandikia kuomba angalau theluthi itangulie. Barua ina muhuri wao wa kupokelewa, na huu ni mwezi wa pili.

Mzee amerudi. Kifundo hakijanyooka vizuri. Anapiga ngoma kubwa robo saa, halafu anamwachia kijana. Siku ya kutia saini mikataba alisoma wake wote, ukurasa kwa ukurasa, miwani puani. Kwenye nafasi ya aina ya kazi nilikuwa nimeshaandika "mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma". Akaniuliza kama haitaleta tabu kule NSSF, kwa vile kadi ya zamani inasema mfungashaji. Nikamwambia haitaleta. Akaomba nakala ya kwenda nayo nyumbani, mkewe aione, nikaenda kuitoa stationery ya jirani kwa shilingi mia mbili.

Mkataba wake unaisha siku ya onyesho la mwisho. Baada ya hapo hana mwajiri tena, mpaka andiko lingine lipite.